Mwalimu na Mlango Mweusi wa Gerezani

Mtaani walimwita Baba Idi, na yeye hakuitika. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Ungemwita "Mwalimu" kutoka ng'ambo ya barabara, katikati ya honi na kelele za wauza mitumba, angegeuka papo hapo. Lakini "Baba Idi" ilimpita kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Wageni walidhani ni maringo ya watu wa chuo kikuu. Sisi tuliomzoea tuliliacha jina hilo, kwa sababu Idi, mwanawe wa pekee, alizamia meli pale bandarini bila kumuaga mtu, na Mwalimu alikuwa na yakini kwamba aliyemfukuza nchini ni yeye.

Sasa Mwalimu ni marehemu, na Idi hajarudi. Nasema mapema ili msomaji asije akakaa anamsubiri mlangoni, kama tulivyokaa sisi.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui, na sikuwahi kumuuliza. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amenipa kisogo, anaandika hesabu ubaoni katika ukumbi wa mwaka wa kwanza ambao nusu ya viti vyake havikuwa na migongo. Alikuwa na kaunda suti ya kijivu iliyopauka mabegani, na chaki alizifunga kwenye kipande cha gazeti akazitia mfuko wa shati. Chaki za chuo zilikuwa zimekwisha, basi alinunua zake Kariakoo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, madukani kila kitu kimerudi, kuanzia sabuni za kunukia hadi redio za kaseti, na mishahara ya walimu imebaki pale pale. Wenzake wengi walikuwa wamekimbilia Botswana. Waliobaki walifuga kuku, na wengine walifundisha tuisheni za kulipia. Yeye hakufuga hata njiwa.

Alikuwa mtu wa kuudhi, nisimpambe. Alichukia biashara na kuwaita wachuuzi wote "watu wa ruksa" kwa mdomo uliopinda, wakati kilichomlisha ni kibanda cha vitenge cha mkewe, Mama Idi, hatua chache kutoka sokoni. Aliwasema wanaopenda vitu vya nje, halafu siku moja Mama Idi akamfumania na boksi zima la chaki za ng'ambo, zile zisizotoa vumbi, kalificha nyuma ya mtungi. Na mtu huyo, ambaye angekurudisha mara tatu kwa sababu umesahau alama ya kutoa, timu yake ya Jangwani ikifungwa alizima redio kabla mpira haujaisha, kisha akaapa kwa watu kwamba ilitoka sare.

Masomo chuoni yalikuwa kwa Kiingereza, ndiyo sheria. Lakini jambo likigoma kuingia vichwani, Mwalimu alikwenda akafunga mlango wa ukumbi, akarudi, akalieleza kwa Kiswahili. Mimi hata kwa Kiswahili halikuniingia. Nilikariri kanuni ya kutafuta mteremko tu: kipeo kinashuka mbele, kisha unakipunguza kimoja, basi. Ukiniuliza kwa nini, nilikuwa natabasamu. Mtihani wa kwanza haukutaka tabasamu, nikafeli.

Aliyefeli alipewa mtihani wa marudio, ambao tuliuita sapu. Ukifeli na sapu unadisko, yaani unafukuzwa, unabeba sanduku lako unarudi nyumbani. Nyumbani kwangu kulikuwa karibu mno. Mama yangu aliuza vitunguu shimoni, kule chini ya soko kuu la Kariakoo, na tangu siku nilipochaguliwa alikuwa amelitangazia shimo zima kwamba bintiye anasomea uinjinia. Wapagazi waliniita injinia kabla sijajua kushika rula. Nilipofikiria kurudi mbele ya watu wale na sanduku, niliogopa kuliko mtihani wenyewe. Nikamwambia mama, naye akamwambia Mama Idi, ambaye alikuwa mteja wake.

"Mwambie aje Jumapili Gerezani," Mama Idi alisema. "Asije na pesa, atafukuzwa. Aje na kosa."

Sikuelewa. Jumapili asubuhi nikaenda Gerezani, kwenye ile mitaa ya spea ambayo siku nyingine huwezi kupita bila kuchafuka oili. Maduka yalikuwa yamefungwa. Mbele ya duka moja la spea za malori, wanafunzi kama dazani walikuwa wamekalia matairi, na Mwalimu amesimama mbele ya mlango wa chuma mpana uliopakwa rangi nyeusi. Huo ndio ulikuwa ubao wake. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekaa ghorofani juu ya duka lake, alikuwa ameupaka rangi ile kwa ajili ya Mwalimu tu, na kila Jumapili alishusha birika la chai ya tangawizi kwa kamba kutoka dirishani. Wawili hawa waligombana kila wiki kuhusu bei za vitu na hawakuwahi kuachana.

Kiingilio cha darasa kilikuwa hicho, kosa. Kila mtu alitakiwa aje na swali alilolikosa yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, bila kulisafisha. Mimi nikaona aibu. Nikaja na swali nililolipata, ili nisionekane mbumbumbu.

Mwalimu alilisoma mpaka mwisho. "Hili umelipata."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa umekuja kufanya nini? Umekuja kutembea?"

Wenzangu wakacheka. Nikamwambia nilidhani atafurahi.

"Wewe ndiye binti wa vitunguu?"

"Ndiyo."

"Mama yako mteja akimrudishia kitunguu kilichooza, anakitazama kizuri au kibovu? Nenda nyumbani, binti vitunguu. Rudi na kibovu."

Nikarudi wiki iliyofuata na vibovu tele, na jina la Binti Vitunguu likaniganda. Kosa langu kubwa lilikuwa lile la kugawanya kwa sifuri. Unapotafuta mteremko wa mstari uliopinda, unachukua nukta mbili zilizo karibu, na umbali kati yake unauita h. Kisha unaipunguza h mpaka inakaribia sifuri. Mimi nilikuwa naitia sifuri mwanzoni kabisa, ili niimalize, nabaki na sifuri juu na sifuri chini.

"Binti vitunguu ana haraka," Mwalimu aliliambia darasa. "H ni mgeni. Kaja kukusaidia kazi. Mpe kazi aimalize, mfupishe mnachoweza kufupisha, halafu ndiyo umuage. Wewe unamfukuza hata viatu hajavua."

Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba ile kanuni niliyoikariri ilikuwa na mahali ilikotoka. Nikakaa juu ya tairi nikiwa na hasira na shule zote nilizopitia.

Siku nyingine alitunyanyua sote akatupeleka kwa miguu mpaka Fire, kwenye kituo cha zimamoto, na kutoka pale tukaanza kuteremka Jangwani. Alikuwa anatusimamisha katikati ya njia.

"Hapa ulipokanyaga, mteremko ni chanya au hasi?"

"Hasi, Mwalimu."

"Mkali au mpole?"

"Mkali kidogo."

"Umejuaje?"

Kijana mmoja akasema magoti ndiyo yanamwambia. Mwalimu akafurahi, akaitikia kwa kichwa. Tulipofika chini, karibu na daraja, akasimama akautazama mteremko tuliotoka huku malori yakitupita. Akasema hapa mteremko ni sifuri, na kuanzia hapa tukipanda kwenda Magomeni utakuwa chanya. Ukipima kutoka Fire mpaka Magomeni kwa jumla utasema barabara ni tambarare, maana kule na huku ni karibu sawa, na utakuwa umedanganya watu. "Mvua ikinyesha, maji hayaulizi wastani. Yanakuja hapa. Maji yanajua hesabu hii kuliko nyie." Baadaye niliambiwa kwamba Idi alijifunzia baiskeli kwenye mteremko ule, baba yake akikimbia nyuma na kushika kiti. Siku ile sikujua, nikadhani Mwalimu anapumua tu.

Kitu alichokitilia mkazo kuliko vyote ni usahihishaji. Alituambia mwanafunzi asiyejua kusahihisha hajui somo. Basi alikuwa anaandika jawabu la mmoja wetu mlangoni, anamwita mwingine, anampa chaki nyekundu. Siku yangu ilipofika nilipewa jawabu la kijana aliyesomea umeme. Mstari wa pili alikuwa amesahau kugeuza alama ndani ya mabano. Nikaweka alama ya kosa pale, na mstari uliofuata kosa, na uliofuata kosa, mpaka chini.

Mwalimu akaja akasimama kando yangu. "Huyu kakosa wapi?"

"Hapa kwenye alama ya kutoa."

"Na hapa chini?"

"Hapa jibu siyo lenyewe."

"Sijakuuliza jibu. Nakuuliza, kwenye mstari huu, kakosea nini?"

Nikautazama. Ukichukua kile alichokuja nacho kutoka juu, alichofanya kilikuwa sawa. Na mstari wa chini yake sawa pia. Nikasema hajakosea kitu.

"Hajakosea kitu," Mwalimu alirudia. "Kosa moja linaadhibiwa mara moja. Baada ya hapo msahihishaji anamfuata mwanafunzi huko huko anakokwenda, anaangalia kama anatembea vizuri. Usimwache mtoto peke yake kwa sababu amekosea mwanzo."

 Aligeukia mlango akaanza kufuta, akafuta hadi pale ambapo hapakuwa na kitu, na mzee wa ghorofani akateremsha birika kabla ya wakati wake. Tukanywa chai. Sisi tulikuwa vijana, tukasema ni vumbi la chaki limemwingia machoni, wakati chaki zenyewe ni zile zisizo na vumbi.

Nilifaulu sapu. Mama aligawa vitunguu bure shimoni siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baadaye. Niliendelea kwenda Gerezani ingawa sikuwa na haja tena, na ilikuwa mwaka uliofuata, nilipokwenda kumnunulia mama kanga ya sikukuu, ndipo Mama Idi aliponiambia. Alikuwa anakunja vitenge, na hakuacha kukunja.

Kabla mimi sijafika chuoni, Idi alikuwa mwaka wa kwanza, somo lile lile. Alifeli mtihani, akafanya sapu. Mwalimu mwingine aliyekuwa akisahihisha sapu alikuwa ameshaondoka kwenda Botswana, ikabidi Mwalimu azisahihishe zote. Karatasi zina namba, hazina majina. Lakini ni yeye aliyemshika mkono Idi akiwa mdogo akamfundisha kuandika, na saba ya Idi ilikuwa na mkanda kiunoni, kistari cha kuikatiza, kama ya baba yake. Aliijua karatasi ile kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

"Angempa mtu mwingine, sasa nani? Hapakuwa na mtu," Mama Idi alisema. "Akaogopa watu wasije wakasema kampendelea mwanawe. Basi akamnyima hata kile anachowapa watoto wa watu."

Kosa lilikuwa alama ya kutoa, mstari wa pili. Mwalimu akaweka kosa pale, akaweka kosa mpaka chini. Swali hilo likamwangusha, Idi akadisko. Jioni ile baba mtu alirudi nyumbani akamweleza mwenyewe mbele ya mama yake, kwa kuwa hakuwahi kumficha kitu.

"Idi akamuuliza, 'Baba, ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ningefaulu?' Alimuuliza kwa adabu. Mwalimu akainamia sahani yake. Mtoto akamaliza kula, akanawa mikono, akaniambia chakula kilikuwa kitamu. Asubuhi kitanda chake tukakikuta hakijalaliwa."

Baada ya siku kadhaa mtu wa bandarini akaleta habari kwamba amemwona kijana wa Gerezani na wazamiaji, na meli imeshang'oa nanga. Mwalimu akaenda chuoni kusema amekosea kusahihisha. Wakubwa wakamwambia kikao kimeshapitisha matokeo, na kwamba yeye ni mfano wa uaminifu. Wakampa mkono.

"Wewe humlaumu?" nilimuuliza Mama Idi. Swali la kipumbavu, lilinitoka tu.

"Nikimlaumu atapumzika," alisema. "Sijamlaumu, na ndiyo hiyo inayomla."

Tangu hapo nikawa namwangalia Mwalimu kwa macho mengine, na iliniuma kumwangalia. Nilifahamu kwa nini Jumamosi alikuwa anakwenda kusimama nje ya geti la bandari. Madereva wa malori na mawakala wa forodha walimzoea. Alikuwa anawauliza mabaharia wanaoshuka kwa mapumziko kama wamekutana, katika bandari yoyote, na kijana anayeandika saba yenye mkanda. Wengine walimhurumia wakamdanganya kwamba wamemwona, mara Durban, mara Ugiriki. Yeye, ambaye hakukubali jibu lisilo na hatua zake, aliwashukuru, akaja nyumbani akamwambia mkewe, "Inasemekana Ugiriki." Mama Idi alijibu alhamdulillahi na kumwekea chai. Wote wawili walijua.

Halafu maisha yakanichukua. Nilipata kazi kwa mkandarasi, nikajenga barabara mikoani, nikaolewa. Mama Idi alifariki nikiwa mbali, na salamu za rambirambi nilizituma kwa mdomo wa mama. Kariakoo nyumba za chini zilianza kubomolewa mtaa kwa mtaa, ghorofa zikapanda. Ndipo Jumapili moja mkubwa wangu aliponituma Gerezani kupima kiwanja, maana jengo lilikuwa limeuzwa na wiki hiyo linavunjwa. Sikuuliza ni jengo gani. Nilipokunja kona nikauona mlango mweusi.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake, na kofia yake iliyodariziwa imelazwa gotini. Alikuwa amekonda, kaunda suti ile ile inamvaa yeye. Mzee wa spea alikuwa ndani, anafunga vitu vyake vya mwisho aende kwa wanawe Upanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Binti Vitunguu."

Uso wake ukafunguka. "Umekuja na kosa?"

"Leo sina, Mwalimu. Nimekuja kupima kiwanja."

"Aa. Ni nyie mnaovunja." Hakukasirika. "Basi kaa. Leo kosa nitatoa mimi."

Akasimama, akafungua kipande cha gazeti, akaanza kuandika mlangoni. Hakusita hata mara moja. Lilikuwa swali la mstari uliopinda, utafute pale mteremko unapokuwa sifuri. Mstari wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili, ndani ya mabano, alama haikugeuzwa. Akaendelea, hatua kwa hatua, mpaka chini kabisa ya mlango, ikabidi apige magoti kumalizia. Kila saba ilikuwa na mkanda kiunoni. Miaka yote ile alikuwa na karatasi ya Idi kichwani, neno kwa neno, hata pale mwanafunzi alipokata namba akaiandika upya, na yeye aliikata akaiandika upya.

Akanipa chaki nyekundu. "Sahihisha."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kuifuta ile alama kwa kiganja changu na kuiweka sawa, mambo yote yaende vizuri mpaka chini. Lakini hakuniomba hivyo. Nikaweka alama ya kosa mstari wa pili. Kisha nikashuka mstari wa tatu, nikasoma alichokuja nacho, nikaangalia alichofanya, nikaweka vema. Wa nne vema. Nilimfuata Idi, ambaye sikuwahi kumwona, mstari kwa mstari, na alikuwa anatembea vizuri sana. Nilipofika chini nilikuwa nimepiga magoti pale alipopiga baba yake, na sioni vizuri.

"Kapata?" Mwalimu aliuliza kutoka nyuma yangu.

"Kapoteza alama moja."

"Moja tu?"

"Moja tu, Mwalimu. Amefaulu."

 Nikainuka nikajipangusa magoti. Nikamwambia kile nilichotaka kumwambia tangu siku ile ya vitenge, kwamba hata yeye alikosea mara moja, na kosa moja linaadhibiwa mara moja.

"Hiyo ni ya wanafunzi," alisema.

 Tulisimama tukiutazama mlango, yeye akisoma vema zangu kutoka juu hadi chini, midomo ikimchezacheza. Mzee wa spea akatoka na funguo na birika lake la chai mkononi. Alikuwa amezeeka naye, ameshaanza kusahau, na jina lile tuliloliacha wote kwa miaka mingi likamtoka mdomoni bila kukusudia.

"Baba Idi, twende. Jua limekuwa kali."

Nilishtuka, nikamtazama Mwalimu. Alikuwa bado anautazama mlango. Kisha akaichukua kofia yake, akaivaa, akageuka.

"Naam," alisema. "Nakuja."